Maumivu Yaliyoandikwa na Yasiyoandikwa

Oktoba 1858, msafara wa Waingereza wawili uliokuwa ukirudi pwani ulikwama Hanga, kijiji kisicho mbali na Tabora. John Hanning Speke alikuwa ameshikwa na maumivu ya ajabu. Yalianza juu ya titi la kulia, kama chuma cha moto kilichochomekwa mwilini, yakahamia upande wa bandama, yakapanda mapafuni, mwisho yakatua kwenye ini. Kila alipopitiwa na usingizi aliota makundi ya chui na wanyama wengine wakali, waliofungwa kulabu za chuma, wakimburura ardhini. Alipozinduka aliomba kalamu na karatasi, akawaandikia ndugu zake barua ya kuwaaga ambayo maneno yake hayakushikana. Mwenzake, Richard Burton, aliyaandika haya yote kwa undani. Watu wa msafara hawakushangaa. Maradhi hayo waliyajua, na walikuwa wakiyaita kichomachoma.

Speke alipona. Baada ya siku chache alibebwa kwa machela, na safari ya kwenda pwani ikaendelea. Waliombeba pia walikuwa na miili, na miili hiyo nayo iliuma. Ila katika kurasa nyingi za Burton hakuna barua ya mpagazi, wala ndoto ya mpagazi, wala mpagazi anayeeleza maumivu yamemwanzia wapi na yamehamia wapi. Historia ya maumivu katika njia ya Tabora ina sehemu mbili zisizolingana: ya wenye kalamu na ya wenye mizigo. Wenye kalamu walipata dawa kwanza. Wenye mizigo, na wajukuu wa wajukuu zao, walisubiri zaidi ya karne moja mpaka mtu akaanza kuwahesabu.

Mahali tunapopaita Tabora, Burton alipaita Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Yeye na Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Palikuwa njia panda ya bara. Upande wa magharibi njia ilipita Msene na Uvinza penye chumvi mpaka Ujiji, kaskazini ilielekea Karagwe na Buganda, na mashariki ilivuka Mgunda Mkali na Ugogo hadi Bagamoyo. Wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Omani na Unguja walikuwa wamejenga matembe makubwa yenye mashamba na watumwa. Mmoja wao, Snay bin Amir, wa ukoo wa Al-Harthi, aliwakaribisha wageni wale, akawapa nyumba na habari za nchi.

Burton naye hakusalimika njiani. Januari 1858, alipokuwa amekwishaondoka Kazeh kuelekea magharibi, miguu na mikono yake ilianza kuwaka moto, kisha ikafa ganzi. Alishindwa kutembea, na kwa miezi mingi iliyofuata alikuwa mtu wa kubebwa. Speke alikuwa na macho yaliyovimba kiasi cha kutoliona vizuri ziwa waliloliendea. Machi mwaka huohuo, katika kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, mdudu aliingia sikioni mwake usiku. Alijaribu kumtoa kwa siagi iliyoyeyushwa, ikashindikana, akamchokoa kwa ncha ya kisu. Mdudu alikufa ila sikio liliharibika, likatoa usaha kwa miezi. Speke mwenyewe aliandika kwamba alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi.

Tunayajua haya kwa sababu yaliandikwa na kuchapwa London. Kwa upande wa pili inabidi tuokoteze.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 30, na bado alikuwa na jembe lake, chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Pembe kubwa ya ndovu ilizidi hapo. Wanyamwezi walibeba begani, na bega lilichubuka mpaka likaota sugu. Upagazi ulikuwa heshima kwao. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado hajawa mwanamume kamili, na watoto wa miaka sita au saba walizoezwa kubeba pembe ndogo. Kwa hiyo kulalamika hakukuwa na nafasi. Bega likiuma, mzigo ulihamishiwa bega la pili. Mguu ukioza kwa kidonda, mtu alichechemea mpaka akashindwa, na akishindwa aliachwa katika kijiji cha karibu kama kijiji kipo. Ndui ilipoingia msafarani, waliolala njiani hawakuinuka tena.

Tiba walikuwa nayo. Waganga wa Unyamwezi walichanja ngozi mahali panapouma na kupaka dawa ya mizizi iliyosagwa. Kupiga chuku kwa pembe ya ng'ombe kulijulikana pwani na bara: pembe ilibandikwa mgongoni au kwenye kipaji, hewa ikavutwa kwa tundu la juu, na damu iliyosemekana kuleta maumivu ikakusanyika. Zipo dawa za mitishamba zilizopunguza homa kwelikweli, na zipo zilizompa mgonjwa matumaini tu, ambayo nayo si haba. Watafiti wa sasa wanajua kwamba matarajio ya mgonjwa hubadilisha jinsi ubongo unavyopokea ishara za maumivu. Kuhusu nani alitibiwa nini, njia nzima kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji haikuacha daftari hata moja.

Maumivu ya mpagazi yalipoandikwa, mara nyingi yaliandikwa kwa mzaha. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi akiwa huru na kuwa kiongozi wa misafara minne mashuhuri, alikuwa na pengo katika meno ya juu. Mwandishi wa habari Stanley, alipomwajiri mwaka 1871, aliwaeleza wasomaji wake chanzo cha pengo hilo: ngumi ya Speke, alipoishiwa subira naye huko Uganda. Stanley aliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Hakuna anayejua Bombay aliumwa na meno yale kwa siku ngapi, wala alikula nini siku hizo.

Huko Ulaya na Marekani mtazamo huo ulipewa sura ya elimu. Silas Weir Mitchell wa Philadelphia alikuwa daktari bingwa wa neva katika zama zake. Ndiye aliyewachunguza askari waliojeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaeleza maumivu makali ya kuungua yanayobaki baada ya neva kuumia. Daktari huyohuyo, mwaka 1892, aliandika kwamba ustaarabu umewaongezea watu uwezo wa kuteseka, na kwamba mtu asiyestaarabika haumwi kama wao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wahenga, lakini Mitchell hakuona haja ya kumuuliza maiti. Imani hiyo haikufa naye. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwahoji wanafunzi wa udaktari na madaktari wanafunzi weupe 222 na kukuta karibu nusu yao wanaamini angalau dhana moja potofu kuhusu mwili wa mtu mweusi, kwa mfano kwamba ngozi yake ni nene zaidi. Wenye imani hizo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kumpendekezea tiba isiyotosha.

Turudi Unyanyembe. David Livingstone alifika Kwihara, jirani na Tabora, pamoja na Stanley mwezi Februari 1872. Alikuwa mtabibu aliyeishi miaka bila dawa. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa, naye akaandika kwamba alihisi kama amesomewa hukumu ya kifo. Mwaka 1870, huko Bambarre, vidonda vya miguu vilimweka ndani kwa zaidi ya miezi miwili. Akavipaka unga wa malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba, kama walivyofanya wenyeji. Vidonge alivyovibuni mwenyewe kwa ajili ya homa vilichanganya kwinini, kalomeli, jalapu na rubabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjwa na simba mwaka 1844 na haukuungana sawasawa, ukawa kama una kiungo cha ziada. Stanley aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki akiwasubiri wapagazi mpaka tarehe 25 Agosti, akaenda zake kusini, na alfajiri ya 1 Mei 1873 watu wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wakaubeba. Oktoba 1873 waliingia Unyanyembe, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akiwa karibu kupofuka kwa maradhi ya macho, na daktari wake, W. E. Dillon, akiwa hoi kwa homa na kuhara. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo, walikataa. Dillon, aliyeshindwa kuendelea na safari ya kwenda magharibi, aliungana nao kurudi pwani. Novemba hiyo, akiwa ameweweseka kwa homa, alijipiga risasi. Dawa za msafara zilikuwepo, daktari mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa, na hazikumfaa. London walimtambua Livingstone kwa ule mkono uliovunjwa na simba. Kila jeraha la mwili wake lilikuwa na maandishi ya kulithibitisha.

Miaka michache baadaye daktari mwingine mmisionari alifika kwa nia ya kukaa. Ebenezer Southon wa London Missionary Society aliingia Urambo mwaka 1879, makao makuu ya Mtemi Mirambo. Mirambo alikuwa na uvimbe mkononi. Southon aliutoa kwa kisu, na urafiki ukazaliwa hapo. Watu wa Urambo walianza kumjia na majipu, vidonda na meno yaliyooza. Katikati ya 1882 bunduki ya mtumishi wake ilifyatuka kwa bahati mbaya, risasi ikamvunja mkono. Wa kumpasua hakuwepo. Mmisionari Copplestone, aliyeitwa kutoka Uyui na ambaye hakuwa daktari, aliukata mkono huo kwa kufuata maelekezo ya mgonjwa mwenyewe. Uliharibika, ukakatwa mara ya pili kwa msaada wa Wajerumani waliokuwa wakifanya utafiti karibu na hapo. Southon alifariki Julai hiyo. Mirambo naye aliugua koo kwa muda mrefu akafariki Desemba 1884, bila daktari aliyeweza kumsaidia.

Wakati huo maumivu mapya yalikuwa njiani. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili iliteremsha Ambriz, pwani ya Angola, mchanga wenye funza. Mdudu huyo, jike lake dogo kuliko punje ya mtama, hupenya kwenye ngozi ya mguu, hasa pembeni mwa ukucha na kisigino, akanenepa humo kwa mayai. Hana mbawa wala hasafiri mbali peke yake. Alihitaji miguu ya watu, na misafara ilikuwa nayo kwa maelfu. Katika muda wa robo karne alivuka bara zima, akapita nchi za maziwa, akafika pwani ya Bahari ya Hindi na Unguja. Vijiji vya njiani havikuwa na uzoefu wa kumtoa, na watu walipoteza kucha, vidole na uwezo wa kutembea. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutembea, kupoteza kidole gumba ni kupoteza riziki.

Kwa zaidi ya miaka mia moja tiba ilikuwa ni pini au mwiba. Bado ndiyo katika nyumba nyingi: mtoto anakamatwa na watu wawili, wa tatu anachokoa, na pini ileile inahamia kwa mdogo wake. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini Kenya. Watoto walipakwa mafuta ya dimetikoni kwenye mguu mmoja, na mguu wa pili ukaloweshwa kwenye pamanganeti, dawa iliyokuwa ikitumika. Baada ya siku saba, asilimia 78 ya funza waliopakwa mafuta walikuwa wamekufa, na wa pamanganeti asilimia 39 tu. Mafuta hayo hayana sumu. Humziba mdudu tundu lake la kupumulia. Hakuna pini, hakuna damu, hakuna kilio. Utafiti mdogo kama huo ungeweza kufanywa miaka mingi nyuma, lakini funza ni shida ya mtu asiye na viatu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaanza kuyapumzisha mabega. Hayakupumzika sana. Vita Kuu ilipoanza, majeshi yote yalirudia wapagazi, na Waafrika wapatao milioni moja walibebeshwa risasi na vyakula katika kampeni ya Afrika Mashariki. Wabelgiji waliiteka Tabora Septemba 1916. Askari wa Kizungu aliyekufa alipata jina kaburini; wapagazi wengi waliokufa kwa kuhara na uchovu hawakupata hata kaburi.

Katika simulizi zote hizi kuna mgonjwa mmoja ambaye hukutani naye. Ni mtoto wa miezi minane au tisa, aliyezaliwa mzima. Siku moja migongo ya viganja na nyayo zake inavimba, inang'aa, na akiguswa analia kwa sauti ambayo mama yake hajawahi kuisikia. Baada ya siku kadhaa uvimbe unapungua. Kisha unarudi. Akikua maumivu yanahamia mapajani, mgongoni, kifuani, na humshika ghafla baada ya baridi, homa au kiu. Kwa vizazi vingi watu wa Unyamwezi na kwingineko walimjua mtoto huyu kama aliyerogwa. Leo tunasema ana selimundu, au sikoseli.

Wazungu walimwona kwanza mbali na Afrika. Mwaka 1904 mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada alilazwa Chicago, na mwaka 1910 daktari James Herrick akachapisha habari za chembe zake za damu zilizopinda kama mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini yenyewe ndiyo yenye kasoro. Mwaka huohuo Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo vya damu kutoka Uganda: katika baadhi ya makabila waliobeba kinasaba hicho bila kuugua walikuwa wachache sana, na miongoni mwa Waamba walikaribia asilimia 45.

Hapo likatokea swali lililowashinda madaktari wa kikoloni. Ikiwa wabebaji ni wengi hivyo, wagonjwa wenyewe wako wapi? Wodini walionekana wachache. Baadhi yao walihitimisha kwamba ugonjwa huo ni nadra Afrika, au kwamba Mwafrika anaustahimili. Jibu lilikuwa rahisi na la kutisha: watoto walikuwa wakifa kabla ya kufika hospitali, na cheti, kama kiliandikwa, kilitaja malaria au upungufu wa damu.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954 kwa nini kinasaba chenye madhara hivyo hakikupotea. Alipima maelfu ya watu Afrika Mashariki, wakiwemo wa Tanganyika, akaona kwamba kinastawi penye malaria nyingi. Aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea: kati ya 15 wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea, kati ya 15 wenye nakala moja, wawili tu. Nakala moja hukinga. Nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, huleta ugonjwa. Hemoglobini ikikosa oksijeni hujipanga kuwa nyuzi ngumu, chembe inapinda, inakwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyo mbele ya kizuizi inakosa hewa. Mfupa unaokosa damu ndio unaolia ndani ya mtoto yule.

Misafara nayo ina nafasi katika habari hii. Kinasaba hicho hakikuanza nayo, ni cha zamani mno. Ila watu walioteremshwa pwani kutoka bara, wengine wakavushwa bahari, walikwenda nacho. Mwaka 2000 watafiti wa Omani walichapisha uchunguzi wa asili za kinasaba cha selimundu nchini humo, wakakuta takribani moja kwa tano ni ya aina inayoitwa Bantu, ile inayopatikana Afrika ya Kati na Mashariki. Waliihusisha na uhusiano wa muda mrefu wa Omani na pwani yetu. Mtoto anayelazwa Maskati kwa maumivu ya mifupa na anayelazwa Tabora wanaweza kuwa ndugu, hata kama hakuna nasaba iliyohifadhiwa ya kuwaunganisha.

Kuhesabu kulianza kwa dhati mwaka 2004, pale Muhimbili walipoanza kuwasajili wagonjwa na kuwafuatilia mmoja mmoja. Profesa Julie Makani na wenzake waliripoti mwaka 2011 habari za wagonjwa 1,725: katika kila watu 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka walikufa wastani wa 1.9, na kwa walio chini ya miaka mitano walikufa 7.3. Sasa ilijulikana ni nani anayekufa na katika umri gani. Makadirio ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo Tanzania ni takribani 11,000 kila mwaka, miongoni mwa idadi kubwa kuliko zote duniani.

Hatua iliyofuata ilifanyika Mwanza. Hospitali ya Bugando ilikuwa ikipokea matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokaushwa kwenye karatasi, kwa ajili ya kupima VVU, kutoka mikoa tisa ya kaskazini-magharibi. Kati ya Februari 2017 na Mei 2018 watafiti waliyatumia matone hayohayo kupima selimundu. Walipima sampuli 17,200. Katika kundi la kwanza la watoto 13,750, asilimia 20.3 walikuwa wabebaji na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Hawakujenga maabara mpya wala kuwachoma watoto mara ya pili. Ramani ya ugonjwa ilikuwa imelala kwenye makaratasi ya maabara, ikisubiri mtu wa kuiuliza.

Dawa ilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1995 jaribio la Marekani lilionyesha kwamba haidroksiyurea, kidonge cha kila siku, hupunguza vipindi vya maumivu kwa karibu nusu. Huuamsha mwili utengeneze tena hemoglobini ya kichanga, ile anayozaliwa nayo mtoto, ambayo haijipangi kuwa nyuzi. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu hukaa mzima miezi ya mwanzo. Haidroksiyurea iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Afrika ilisubiri, kwa hofu moja ya haki: dawa hii hupunguza chembe nyeupe za damu, je, haitamwacha mtoto wazi kwa malaria? Madaktari wa Mulago, Kampala, walilijaribu swali hilo wakachapisha jibu mwaka 2017: malaria haikuongezeka.

Kisha likaja jaribio la REACH, lililowatibu watoto 606 katika vituo vinne: Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Kabla ya dawa kulikuwa na vipindi 98.3 vya maumivu kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Baada ya dawa vilikuwa 44.6. Malaria nayo ilipungua kwa nusu, na vifo vikapungua. Matokeo yalichapishwa Desemba 2018, miaka 20 baada ya kidonge kuruhusiwa Marekani.

Si kila kipya kimefaa. Voxelotor, dawa iliyopokewa kwa shangwe mwaka 2019, iliondolewa sokoni duniani kote Septemba 2024, baada ya takwimu kuonyesha kwamba hatari zake, vikiwemo vifo, zimezidi manufaa. Tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 huwaondolea wengi vipindi vikali vya maumivu, ila bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na inahitaji dawa kali za kuua uboho kwanza. Kidonge cha zamani bado ndicho chenye maana kwa wilaya za Tabora kama Nzega, Urambo na Sikonge.

Maumivu yakishapanda, haidroksiyurea haitoshi. Mgonjwa anahitaji maji, paracetamol, ibuprofen, na yakizidi, mofini. Hapa umaskini wa dunia unaonekana waziwazi. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1. Uganda ilionyesha kwamba inawezekana kufanya vinginevyo. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa huko Kampala mwaka 1993, mofini ya unga ikachanganywa na maji na kutolewa kwenye chupa. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, kwa sababu vijijini hakukuwa na daktari wa kumsubiri. Kikwazo kikubwa hakikuwa bei, maana unga wa mofini ni rahisi. Kilikuwa hofu ya uraibu, makaratasi ya vibali, na mazoea ya kuamini kwamba mgonjwa atavumilia.

Mazoea hayo ndiyo magumu kuliko yote kuyatibu. Kwenye kliniki nzuri muuguzi humpa mtoto karatasi yenye nyuso sita, kuanzia inayotabasamu hadi inayolia, na kumwambia aoneshe wake. Jibu linaandikwa kwenye faili pamoja na saa, na baada ya dawa anaulizwa tena. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Bila namba ile, mtoto aliyenyamaza kwa kuchoka huhesabiwa kuwa ametulia, na zamu inayofuata haina cha kulinganisha.

Tabora leo ni kanda mojawapo ya Bohari ya Dawa, na malori yanafuata barabara zisizo mbali na njia ya zamani. Yanachobeba kinategemea wilaya zimeagiza nini, na wilaya huagiza kwa idadi ya wagonjwa ziliowaandika. Kituo ambacho hakijampima mtoto mchanga hakina mgonjwa wa selimundu kwenye vitabu vyake, hivyo hakiagizi haidroksiyurea, na mama akija hupewa dawa ya malaria na kuambiwa arudi nyumbani. Kama dawa inafaa, utafiti wa Mulago, Kilifi na Mbale umekwishajibu. Yaliyobaki ni ya bajeti, ya mafunzo na ya kuamini neno la anayeumwa, na hayo maabara haiwezi kuyamaliza kwa niaba ya halmashauri, hospitali na familia.